Picha ya Dirishani

Wiki ile shule zilipofunguliwa, studio ya shangazi ilijaa watu mpaka wengine wakasimama nje kwenye ngazi. Kila mtu alitaka picha za paspoti, na kila mtu alizitaka jana. Mpwa wake shangazi, mpigapicha ambaye mtaa mzima ulimwita Flashi, hakuwa na nafasi ya kumtazama mtu zaidi ya kumwambia ainue kidevu. Mpaka alipoketi dada mmoja mwenye gauni la kijani la mikono mirefu, nyuzi za rangi mbalimbali zimemnasa begani.

"Inua kidevu."

"Kimeinuka."

"Tabasamu kidogo basi."

"Kwenye paspoti siku hizi wanatabasamu?"

Foleni ikacheka. Picha zilipotoka, dada akazikagua moja moja, akazitia mkobani, lakini hakuinuka.

"Na zilizobaki kwenye kompyuta?"

"Hizo zinakaa tu."

"Kwa ruhusa ya nani? Futa."

"Dada yangu, watu wanangoja."

"Wangoje. Kuna sheria mpya ya kulinda taarifa binafsi, na sura yangu imo. Hukusikia?"

Flashi alisikia sana. Alihudhuria semina ya wafanyabiashara, akala biskuti zao, akarudi na bango alilolitundika mwenyewe juu ya kaunta: TAARIFA ZA MTEJA NI MALI YA MTEJA. Dada akalinyooshea kidole. Flashi akafuta huku akisimamiwa kama mwanafunzi aliyekosea hesabu, na alipoinua macho alijua kwamba moyo wake hauko tena mahali pake.

"Una ulimi wa sindano, wewe."

"Sindano ndiyo kazi yangu. Nadarizi nembo za sare kwenye karakana ya hapo juu. Zile kelele mnazozilalamikia ni zangu."

Tangu siku hiyo akawa Sindano, na kelele za darini zikageuka kuwa muziki. Flashi aliugonga ubao wa dari kwa stendi ya kamera mara mbili, maana yake chai iko tayari; Sindano akajibu kwa kisigino, mara mbili, maana yake nakuja. Jioni wakahamia kwenye simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nitakulaje, na mimi nimeshinda natazama dari?"

"Dari ina nini?"

"Ina wewe juu yake."

"Hayo maneno huwa unawaambia wote unaowainua videvu?"

"Wote. Ila wewe peke yako ndiye uliyejibu."

Jambo moja tu lilimkera Flashi. Sindano hakupenda kupigwa picha. Mgahawani alichagua kiti kinachotazama mlango, na mtu akitoa simu ajipige picha karibu nao, yeye huinama kufunga kiatu, hata akiwa amevaa kandambili. Alipoulizwa alijibu, "Sipendi tu." Na mapenzi yakiwa mabichi, nani anauliza mara mbili?

Kisha mchana mmoja akamruhusu. Alikuwa kwenye mashine yake, uzi mwekundu meno yameubana, anacheka kwa jambo ambalo Flashi alikuwa amelisema.

"Piga basi, umenichosha. Lakini hii ni yako peke yako. Umesikia? Peke yako."

"Yangu peke yangu, kipenzi."

Na hapo ndipo kijana wa watu alipojikwaa. Kila sura iliyokuwa kwenye dirisha la studio ilikuwa na karatasi yake ya ridhaa, imetiwa saini. Katika hilo Flashi hakuwa mzembe. Lakini mpenzi wako utamwomba ridhaa? Aliona ni sawa na kumdai mama yako nauli. Picha ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, naye alikuwa na jambo la kumuuliza Sindano, tena alitaka kumuuliza mbele ya picha hiyo. Basi akaiweka kwanza kwenye ukurasa wa studio mtandaoni, ikasambaa kweli kweli. Siku ya tatu akaikuza ikawa na kimo cha mlango, akaitundika dirishani.

Sindano alishuka saa ya chakula. Alipoiona hakumtazama Flashi. Alitazama barabara kwanza, huku na huku.

"Toa."

"Mpenzi, ngoja nikwambie kwa nini..."

"Toa! Toa, nimesema!"

Flashi akaivuta, kona moja ikachanika.

"Na mtandaoni ipo?"

Flashi akatoa simu mfukoni.

"Tangu lini?"

"Juzi. Nitaifuta sasa hivi. Lakini kuna nini? Niambie sababu."

"Nilikwambia ni yako peke yako. Lazima nikupe na sababu ndipo neno langu liwe neno?" Sauti yake ilishuka. "Hujui umemfungulia nani mlango, Flashi."

Akapanda ngazi. Jioni simu yake ilikuwa haipatikani, kesho yake hivyo hivyo. Flashi aligonga dari mara mbili. Mashine ilinguruma tu, kisigino hakikujibu.

"Mwanamke anayekimbia picha ana mume mahali," alisema shangazi akifuta kaunta. "Mimi sijasema kitu."

Lakini alikuwa amesema, na neno hilo likamkaa Flashi kichwani.

Wiki haikuisha, akaja mwanamume. Suti ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, viatu vinang'aa, sauti ya upole. Alimwamkia shangazi kwa adabu, akamuuliza hali ya biashara, ndipo akatoa simu. Ilikuwa picha ya Sindano na uzi wake mwekundu.

"Namtafuta huyu. Ni mke wangu. Aliondoka nyumbani hali yake si nzuri, na mama yake hali wala halali."

Akateleza kidole, ikaja picha ya harusi. Ni yeye, Sindano, katika gauni jeupe. Shangazi akamtupia jicho la nilikwambia.

Juu yao mashine ilikuwa inanguruma.

"Kelele gani hizo?" mgeni akauliza.

"Mashine za watu," Flashi akajibu.

"Maskini," shangazi akasema. "Mwanangu, huyu ni mume wa mtu. Mwambie tu kwamba yuko hapo..."

"Shangazi!"

Hakuwahi kumpandishia sauti tangu azaliwe. Wote wakashtuka, yeye mwenyewe akiwamo. Mgeni akatabasamu, akaegemea kaunta.

"Ndugu yangu, naona na wewe alikudanganya. Sisi wanaume tunaelewana. Niambie anapopatikana, yaishe."

Wivu ulimchoma Flashi, tusifichane. Nusu ya moyo wake ilitaka kumpandisha mtu huyu ngazini, kisha yeye mwenyewe asimame mlangoni amtazame Sindano anavyobabaika. Akaitazama tena ile picha ya harusi, safari hii kwa jicho la kazi. Bibi harusi hakuwa anatazama kamera. Alikuwa anatazama nje ya picha, upande wa mlango. Na vidole vya bwana harusi vilikuwa vimemkaza mkono juu ya kiwiko mpaka nyama imebonyea. Haikuwa ushahidi wa kitu. Huenda siku ile viatu vilimbana. Lakini Flashi alikumbuka, lazima nikupe na sababu? Sababu hakuwa nayo bado. Neno alikuwa nalo.

"Taarifa za mteja hatutoi," akasema.

"Mimi ni mumewe."

"Hata mume anaomba. Acha jina lako kamili, kitambulisho na namba ya simu. Nitavipeleka kwenye tume ya kulinda taarifa binafsi, wamuulize mwenyewe kama anaridhia."

"Taarifa zangu unazitakia nini?"

"Unaona? Hata wewe hupendi."

Upole ukamtoka mgeni usoni mara moja. Shangazi aliuona ukitoka, na kitambaa kikamdondoka mkononi.

"Haina shida," mgeni akasema taratibu. "Picha ilitoka kwenye ukurasa wenu. Atapita tu."

Akavuka barabara, akasimama mbele ya duka la viatu, macho kwenye mlango wa studio. Na ngazi ya karakana ilitokea papo hapo, pembeni ya mlango huo.

Darini mashine zikaanza kuzimwa, moja baada ya nyingine. Saa ya kutoka. Flashi akapiga simu: haipatikani. Kutoka nje apande ngazi ni kumwonyesha yule mtu njia. Akanyakua stendi ya kamera akaigonga dari. Si mara mbili. Aligonga bila kupumzika, rangi ya dari ikamwagikia pazia la paspoti, nyayo za wafanyakazi zikasikika zikielekea mlangoni, naye anagonga tu.

Nyayo zikasimama. Kisha kisigino, kishindo kimoja kizito. Hakuna aliyeshuka.

"Nilikuwa namuuza mtoto wa watu kwa ajili ya suti," shangazi alinong'ona. Akajitanda mtandio, akapita mlango wa nyuma, na kwa mwendo ambao magoti yake hayakuujua siku nyingi akaenda kituo cha polisi.

Polisi walipofika, mgeni alikuwa mpole tena, ana mke mgonjwa, ana mama mkwe anayelia. Ndipo Sindano aliposhuka, wenzake wawili wamemshika mikono.

"Mahakama ilimkataza kunikaribia," alisema, akawapa simu wasome amri yenyewe. "Alikuwa ananifungia ndani kwa kufuli la nje. Nilibadili mji, namba, kila kitu. Kilichonilinda ni kwamba hakujua niliko."

Mgeni akapakiwa garini. Sindano akarudi juu bila kumtazama Flashi.

Siku kadhaa baadaye simu ikaita. Flashi nusura aiangushe.

"Nimepeleka malalamiko kwenye tume, dhidi ya studio yenu," Sindano alisema.

"Najua. Wameniita. Nilikiri kabla hawajamaliza kuuliza."

"Hukukasirika?"

"Nikasirike nini? Ni kweli."

"Uliniokoa, Flashi. Ahsante. Lakini mtu huyo ni wewe uliyemleta. Yote mawili ni kweli."

"Yote mawili."

"Basi." Akakata.

Tume ikawapa onyo, ikaamuru picha ifutwe kila mahali na tangazo la kuomba radhi libandikwe. Flashi aliliandika kwa mkono wake, akalibandika pale pale ilipokuwa picha. Wapita njia walisoma, wengine wakacheka. Dari hakuigonga tena. Aliona kwamba kubisha hodi sasa si zamu yake.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, anawalisha kuku wa shangazi nyuma ya studio, mlango wazi, aliposikia kutoka ndani, kwenye ubao wa dari: kisigino, mara mbili. Akamwaga mtama wote.

Sindano aliingia na gauni lile la kijani, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Nipige picha."

"Kwanza nilete karatasi ya ridhaa," Flashi akasema.

Akaileta. Sindano akaisoma yote, pole pole, mpaka chini.

"Hapa wanauliza matumizi ya picha. Dirishani haiendi."

"Haiendi."

"Mtandaoni?"

"Thubutu!"

"Sasa itakaa wapi?" Akachukua kalamu mwenyewe, akaandika, akamgeuzia karatasi. *Ukutani, sebuleni kwetu.*

Flashi akasoma, akarudia kusoma.

"Kwetu wapi?"

"Hilo nakungoja wewe. Shangazi amenidokeza kwamba siku ile ulikuwa na swali."

Nyuma ya pazia shangazi akakohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa. Flashi akapiga magoti kando ya stendi, uso chini, maneno yote aliyoyapanga kwa miezi yakampotea.

"Inua kidevu," Sindano akamwambia. "Uulize vizuri."

Akainua. Akauliza. Na Sindano, kabla hajajibu kwa mdomo, akavuta karatasi akatia saini.