Shujaa Anayepiga Hodi

"Shirleen, usiniambie hujaona. Munyoki anauza kamera!"

Yurub alimsukumia rafiki yake simu juu ya kaunta ya duka lake la vitambaa. Tangazo lilikuwa fupi: "Kamera, taa na maiki. Sitengenezi filamu tena."

Shirleen alijitia hamnazo. "Mimi nifanye nini? Filamu yake ilikuwa mbaya."

"Uliitazama yote?"

"Nusu ilinitosha."

Nusu! Na kwa nusu hiyo Shirleen alikuwa amemwanika mpenzi wake Munyoki mtandaoni. Wafuasi wake humpendea mdomo, naye siku hiyo mdomo aliwapa. Filamu ilihusu shujaa anayebomoa ukuta kwa kidole kimoja, lakini majambazi wakiingia kwa mtu, yeye husimama mlangoni na joho lake, hupiga hodi, husubiri aambiwe karibu.

"Superhero gani anapiga hodi?" Shirleen alicheka kwenye video. "Si avunje tu!"

Maneno hayo yalisambaa Nairobi nzima, kutoka Njiru hadi Pipeline. Munyoki alimtumia ujumbe mmoja: "Asante kwa kunitangaza." Baada ya hapo simu za Shirleen hakushika tena.

"Keti hapo," Yurub aliamuru. "Leo utaiona mpaka mwisho. Mimi iliniliza, mtu mzima."

Shirleen alitazama kwa kununa. Ikafika sehemu ambayo hakuwahi kuiona: bibi aliyeokolewa anamshika shujaa mkono.

"Mwanangu, una nguvu zote hizi, hodi ni ya nini?"

"Nikiwa mdogo, Mama, watu wa landlord walikuja wakang'oa mlango wetu tukiwa tumelala. Hakuna aliyebisha. Tangu hapo, nyumba ya mtu, hata iwe ya mabati, siingii mpaka mwenyewe aseme karibu."

Shirleen alishika mdomo. Mlango huo aliujua. Munyoki alimsimulia mara moja tu, kwa sauti ya chini, jinsi mama yake kule Mathare alivyotundika shuka mahali pa mlango msimu mzima wa mvua.

"Mapigano bado ni mabovu," alisema, machozi yakimtiririka. "Lakini Yurub, nimemcheka mama yake."

"Basi mwambie Munyoki. Na uwaambie waliokusikia ukicheka."

Papo hapo Shirleen akajirekodi, macho mekundu vilevile: "Niliwaambia filamu hii ni takataka. Sikuwa nimeimaliza. Itazameni hadi mwisho, halafu mje mnicheke mimi." Akaposti, akashika njia ya Pipeline.

Ngazi za ploti anayopanga Munyoki zilimtoa jasho. Alipofika juu alikuta mlango umerudishwa tu. Siku zote alikuwa akiusukuma na kuingia akiuliza chakula kiko wapi. Leo mkono uliogopa.

"Hodi."

Alisikia selotepu ikivutwa ndani, kama ya kufungia boksi.

"Hodi, Munyoki."

"Kama si wewe unanunua kamera, rudi tu."

Mwanamume huyu akimkataa, alijua hatapata mwingine wa kumpenda hivi.

"Hodi ya tatu hii. Usiponijibu nitaenda, na sitakusumbua tena."

"Mlango uko wazi, Shirleen. Si uvunje tu?"

Maneno yake mwenyewe! Yalimchoma.

"Si mlango wangu kuvunja," alijibu. "Nimeona mwisho. Nimejua ni mlango wa nani huo. Nilikukosea, nikamkosea na mathe wako. Nisamehe."

Selotepu ilinyamaza.

"Umeona yote? Hata zile fight?"

"Fight ni aibu, babe. Hiyo sifuti."

Kicheko kikatoka ndani, kifupi, kama kimemponyoka mtu.

"Na joho?"

"Joho ni pazia lako la sitting room. Nililifua mwenyewe."

Simu ikalia mle ndani. Shirleen alisimama palepale, akisikiliza.

"Hello? Eeh, ni mimi... Umefika kwa stage? Aki pole sana, boss. Kamera haiuzwi. Nimeshikwa na kazi, kuna filamu nataka kurekebisha fight zake."

Mlango ukafunguka. Munyoki alikuwa na kipande cha selotepu kimemnata kidoleni, na macho yaliyokosa usingizi.

"Karibu," alisema.

Shirleen akavua viatu, akaingia.