Rejeta ya Bibi Xing

Haya yalimkuta rafiki yangu Guo, fundi wa kusafisha rejeta za kupashia nyumba joto hapa Harbin, kaskazini mwa China kwenye baridi kali. Oktoba moja, kabla maji ya moto ya msimu wa baridi hayajafunguliwa mabombani, aliitwa kwa Bibi Xing, ghorofa ya pili.

"Usichelewe nayo, mwanangu. Kila siku saa nne asubuhi mzee wa ghorofa ya chini hugonga bomba la rejeta mara tatu, nami namjibu. Ndivyo kila mmoja anavyojua mwenzake yu hai."

"Leo mgongee sakafu kwa fimbo, bibi," Guo akatania.

Akaifungua rejeta, akaibeba hadi uani, akaimwaga. Likatoka tope jeusi la kutu, zito kama uji, ndoo nzima.

"Huyo mzee anayegonga bomba ni nani?" akamuuliza mama anayefagia ngazi.

Mama akaacha kufagia. "Tulimzika Juni. Bibi tumeshindwa kumwambia, maana kila siku anasema amegongewa."

Ilipotimu saa nne, ile rejeta tupu iliyolala majanini, isiyoungwa na bomba lolote, ikagongwa kutoka ndani mara tatu, polepole.

Guo akainua macho. Bibi Xing alikuwa dirishani.

"Mjibu basi, mwanangu," akasema. "Asije akadhani nimekufa."