Feni Iliyozibwa Mdomo

Cherehani ya mama ndiyo iliyokuwa saa ya nyumba ile. Ilipoanza kulia, watu walijua siku imeanza. Iliponyamaza, walijua uzi umekatika, au mteja amekuja kulalamika kwamba gauni limembana, kana kwamba ni gauni lililonenepa. Mama alishonea chumba cha mbele, katikati ya vipande vya vitambaa vya kila rangi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kaka, aliyekuwa akimalizia masomo ya chuo.

Kitinda mimba wa nyumba hiyo alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kila alasiri alirudi kutoka shule, akabadili sare, akaosha vyombo, akaokota vipande vilivyoanguka chini ya cherehani na kuvitia mfukoni. Baada ya hapo alitakiwa kufanya kazi za shule. Alitakiwa.

Juu ya meza ya kaka kulikuwa na kompyuta mpakato, na ndani yake ripoti ya mwisho ya chuo.

“Chiriku, hii usiiguse nisipokuwepo,” kaka alikuwa amemwambia.

“Sawa, kaka,” Chiriku alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye amekwisha kuigusa.

Alikuwa akicheza mchezo wa mbio za magari. Sauti ya mchezo aliizima, lakini feni ilimshinda. Magari yakishika kasi, kompyuta ilipata joto, na feni iliyo ndani yake ikavuma: vuuuu! Cherehani ikilia, hapakuwa na wa kusikia. Ila mama akisimama kutunga uzi kwenye sindano, nyumba nzima ilitulia, na mvumo ule ukafika hadi chumba cha mbele.

“Chiriku! Nini hicho kinachovuma?”

“Nyuki, mama!”

“Haya. Waambie hao nyuki wafanye hesabu zao.”

Alasiri moja Chiriku alichoka kushtuliwa. Alichukua kipande chembamba cha kitambaa cha njano, akaipindua kompyuta, akakisokomeza kwa ncha ya pini kwenye matundu ya hewa. Feni ikakwama. Kimya! Alicheza kwa raha zake, ingawa kompyuta ilikuwa ikimchoma magotini. Alipotaka kukitoa kile kitambaa, kikazama. Alipokichokoa, kikatoweka kabisa. Basi akaifunga kompyuta, akairudisha mezani, akajiambia kwamba yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza kuchemka.

Jioni kaka aliketi kuandika. Mara wakamsikia akipiga ukelele.

“Imezima! Imejizima yenyewe!” Aliigusa, akautoa mkono upesi. “Mama, njoo ushike. Ina moto kama pasi!”

Akaiacha ipoe, akaiwasha. Haikuchukua muda ikazima tena, na kurasa alizokuwa ameandika bila kuhifadhi zikapotea.

“Si ilitoka kwa fundi juzijuzi, kusafishwa?” mama aliuliza.

“Ndiyo. Na sasa feni yake siisikii kabisa. Asije akawa ameitoa nzuri akaniwekea mbovu.”

Mama alikaza uso. “Kesho nitakwenda mwenyewe. Wewe nenda chuoni ukaombe wakuongezee muda.”

Chiriku alikuwa akila, macho kwenye sahani.

“Na wewe chiriku wangu, leo mbona huimbi?”

“Tumbo, mama.”

Tumbo lilikuwa zima. Kilichomkata kilikuwa kingine.

Kesho yake, alipotoka shule, Chiriku alimfuata mama hadi kwa fundi, amebeba mkoba wenye kompyuta. Kilikuwa kichumba chembamba, kuta zimejaa nyaya. Fundi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mguu mmoja, alikuwa akimhudumia msusi wa saluni ya jirani aliyeleta mashine yake ya kukaushia nywele.

“Shikamoo, fundi,” alisema Chiriku.

“Marahaba, mwanangu.”

Mama hakusalimu. Aliiweka kompyuta mezani. “Fundi, nimekuja kuchukua feni ya mwanangu. Ile nzuri uliyoitoa.”

Fundi aliduwaa. “Dada, sijaelewa.”

“Utaelewa tu. Imetoka kwako, sasa inawaka moto. Mafundi wa siku hizi hamna haya!”

Msusi aliitazama mashine yake, akamtazama fundi, akaivuta kwake polepole. “Samahani, fundi. Hii nitaileta siku nyingine. Naihitaji ikiwa na viungo vyake vyote.” Akatoka.

Fundi alibaki akiangalia mlango. “Yule anasuka nusu ya mtaa huu,” alisema kwa sauti ya chini. “Kufikia jioni vichwa vyote vitakuwa na habari zangu.” Kisha akachukua bisibisi. “Basi, dada. Nitaifungua mbele yenu.”

Alilegeza skrubu moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kidogo. Chiriku aliiona, akakumbuka mikono mingine. Mwaka uliopita mteja mmoja alisimama mlangoni kwao akipiga kelele kwamba mama amekula kitambaa chake. Mama hakuwa amekula hata uzi. Lakini wateja walipungua, cherehani ikanyamaza, na mama akawa anakaa mbele yake huku akiipangusa vumbi kwa mikono iliyotetemeka hivihivi.

Skrubu ya mwisho ilikuwa inatoka.

“Ni mimi,” alisema Chiriku.

“Ni wewe nini?” mama akageuka.

“Fundi hajaiba. Mimi nilitia kitambaa kwenye feni. Nilikuwa nacheza. Nilitaka isivume usinisikie.” Machozi yakamwahi. “Hapakuwa na nyuki, mama.”

Fundi aliinua kifuniko cha kompyuta. Feni ilikuwa ileile, na kitambaa cha njano kimejisokota kwenye mbawa zake. Alikivuta taratibu kwa kibanio, akapangusa vumbi kwa brashi, akaisukuma feni kwa kidole. Ikazunguka.

Mama alikipokea kile kitambaa. Alikijua, alikikata kwa mkono wake. Alikitazama kwa muda, na aliponyanyua uso, hasira yote ilikuwa imegeuka kitu kingine.

“Kaka yangu,” alimwambia fundi, “mimi nimewahi kuitwa mwizi kwa kazi yangu. Najua inavyouma. Na leo nimekuita wewe. Nisamehe.”

Fundi aliivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. “Yamekwisha, dada. Ila yule msusi…”

“Kwa yule hayajakwisha. Nilisema mbele yake, nitayafuta mbele yake. Chiriku, twende.”

Saluni ilikuwa imejaa. Mazungumzo yakakatika walipoingia. Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alihisi ulimi mzito kama jiwe. Lakini alisema yote: mchezo, kitambaa, pini, nyuki. Mama naye akasema lake. Msusi aliacha kichwa alichokuwa akisuka, akaichukua mashine yake chini ya kiti.

“Basi nairudisha kwake sasa hivi,” alisema. “Masikini fundi wa watu.”

Njiani kurudi, mama alimshika Chiriku mkono. Kisha akasema, “Mwanangu, feni haivumi ili ikuudhi. Inavuma kwa sababu ndani kuna joto, nayo inalitoa. Ukweli ni hivyohivyo. Ukiuziba mdomo, nyumba inatulia, lakini joto linabaki ndani, na litamwunguza mtu. Leo lilimwangukia mtu asiye na kosa. Kosa lako la kwanza lilikuwa mchezo. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa kubwa zaidi.”

“Nimekosa, mama.”

“Najua. Na umesema kabla kifuniko hakijafunguliwa. Hilo nalo nimeliona.”

Kaka alikasirika, naye alikuwa na haki. Lakini chuo kilimwongezea muda, na rasimu ya kurasa zilizopotea alikuwa nayo kwenye karatasi, basi Chiriku alipewa kazi inayomfaa: kumsomea kwa sauti, neno kwa neno, kaka akiandika upya. Alasiri baada ya alasiri mdomo wake ulifanya kazi hadi koo likakauka.

Walipokaribia mwisho wa ripoti, mama alisimama kutunga uzi. Nyumba ikatulia.

“Chiriku! Nini hicho kinachovuma?”

“Feni, mama.”

“Iache ivume,” alisema mama, na cherehani ikaanza kulia tena.