Mchoro Mmoja, Simu Mbili

Mama Futi hutoka nyumbani na futi shingoni kama mkufu. Kazi yake ni kupima nafasi katika nyumba za wateja. Mumewe, Fundi, hubaki karakanani kukata mbao. Mama Futi akishapima, huchora kwa simu, kisha humtumia mumewe mchoro.

Jumatatu moja, rafu waliyomtengenezea mwalimu mmoja ilirudishwa karakanani. Ilikuwa fupi. Ilipowekwa, iliacha pengo la kiganja kizima.

"Nilikutumia mchoro mpya," alisema Mama Futi.

"Ulinitumia mitatu, mke wangu. Mmoja umeuita 'wa mwisho', wa pili 'wa mwisho kabisa', wa tatu 'wa mwisho kweli'. Mimi nifuate upi?"

Mama Futi alikuwa akiwaza kazi ya Alhamisi. Mteja, muuguzi mmoja, alikuwa ameleta fungu lake la mbao za mti uliopandwa na marehemu baba yake. Zilitosha kabati moja tu. Ukikosea, hupati nyingine.

Jirani yao mwenye duka la fotokopi alisikia yote. Akaja mlangoni akicheka.

"Shemeji, nakala zitawamaliza. Wekeni mchoro mmoja kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mkeo akibadilisha namba kule, nawe unaiona hapa."

"Mtandaoni?" Fundi alishtuka. "Dunia nzima ituchungulie?"

"Wataona mliowakaribisha tu. Kila mtu anaingia kwa akaunti yake na neno lake la siri. Msimpe mtu neno hilo. Mteja mpeni ruhusa ya kutazama tu, asije akajiongezea droo."

"Na simu ikipotea?"

"Mchoro unabaki. Utaingia kwa simu nyingine. Ila mtandao ukikatika, simu haipati mabadiliko. Kwa hiyo kabla ya kukata, fungua mchoro tena. Tazama umebadilishwa saa ngapi."

Aliwafungulia akaunti, akawaonyesha hatua kwa hatua. Fundi alijaribu mara tano, kama mtoto aliyepata filimbi.

Alhamisi, Mama Futi alikwenda kwa muuguzi kuhakikisha vipimo. Karakanani, Fundi alikuwa ameshapiga mstari wa penseli kwenye ubao: sentimita mia moja na kumi na sita. Msumeno ulikuwa mkononi. Akakumbuka, akaufungua mchoro tena.

Namba ikageuka mbele ya macho yake. Mia moja na ishirini.

Alimpigia mkewe mbio. "Umeibadilisha wewe?"

"Sasa hivi. Mwashi amebandua vigae vya zamani vya ukutani, nafasi imeongezeka."

"Lakini hujanitumia kitu."

"Sijatuma. Nimeandika tu."

Fundi aliufuta ule mstari kwa kidole gumba, akapiga mwingine.

Jumamosi kabati liliingia ukutani bila pengo. Muuguzi alilipapasa polepole. Kisha akauliza kama dada yake aliye mbali angeweza kuliona. Mama Futi alipiga picha, akaiweka pamoja na mchoro, akamkaribisha dada huyo kutazama.

Haikupita muda, simu ya muuguzi ikaita.

"Nimeliona," dada mtu alisema. "Fungu langu la mbao za mti wa baba bado liko uvunguni. Waulize mafundi wako, watanipimia lini?"