Kava la Fundi Mwingine

Siku ya mnada wa vitu vya hoteli iliyofungwa, uani pale palijaa watu utadhani vitu vinagawiwa bure. Vitanda, mapazia, masufuria ya kupikia jeshi zima, vyote vilirundikwa juani. Katikati ya rundo hilo, limeegemezwa kwenye jokofu lisilo na mlango, lilikuwapo gitaa la besi ndani ya mkoba wa ngozi uliofunguka mdomo.

Fundi cherehani mmoja, msichana mwembamba aliyevaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, aliuona mkoba ule na kuushika mshikio. Papo hapo mkono mwingine ukatokea upande wa pili na kushika shingo ya gitaa.

"Achia," alisema mwenye mkono. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la kazi la bluu, na vidole vyake vilijaa makovu madogo madogo.

"Nimeshika kwanza."

"Umeshika mkoba. Mimi nimeshika gitaa."

"Kwani nani kakuambia nalitaka hilo gogo lako?"

"Gogo?" Kijana aliangalia kushoto na kulia kama anayetafuta shahidi. "Unajua hili ni nini?"

"Gogo lenye nyaya."

Muuzaji alikuwa amechoka tangu asubuhi. Aliwaambia vinauzwa pamoja, na kama hawataki waende wakagombane nyumbani kwao.

"Hatuna nyumba," walijibu wote kwa pamoja, wakatazamana kwa chuki, kisha kijana akashindwa kuzuia kicheko.

Alilipa yeye. Akalitoa gitaa, akamtupia fundi ule mkoba. "Chukua. Gogo litakaa uchi."

"Likiona baridi lilete," fundi alisema, tayari anaupindua mkoba kuangalia pembe zake zilivyogeuzwa. "Duka liko nyuma ya stendi. Ulizia fundi mwenye mdomo."

Alikuja. Kazi yake ilikuwa kufunga vioo, madirisha ya maduka na milango ya maofisi, na kule dukani walianza kumwita Vioo. Fundi alilipima lile besi kwa futi ya kitambaa, mabega, kiuno, shingo, kama anavyompima bibi harusi, akalishonea kava la turubai lenye bitana laini. Siku chache baadaye Vioo alirudi na gitaa jingine. Kisha na jingine, jeusi, lenye pembe mbili kama mbuzi. Kisha na besi la nyuzi nyingi zaidi.

"Wewe una mikono mingapi?" fundi alimuuliza.

"Miwili."

"Basi sema mengine unayapiga kwa miguu."

Mwenye duka alikuwa shangazi yake fundi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuna kilichompita. "Huyo hana wazimu wa magitaa," alisema siku moja Vioo alipotoka. "Kila gitaa ni nauli ya kuja kukuona."

Fundi aliguna. Lakini tangu siku hiyo, simu ikilia, alikuwa akiutema uzi aliouuma mdomoni kabla ya kupokea.

"Mkasi wangu," sauti ya Vioo ingesema.

"Nina kazi."

"Najua. Nataka kusikia ukinifukuza tu."

"Toka."

"Asante, kipenzi. Sasa naweza kula."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa kurushiana maneno makali kama watoto wanaorushiana maganda. Vioo alipotuma wazee, shangazi aliwajibu kabla hawajakaa vizuri. Wakapata nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, na katika kile chumba kidogo chenye giza Vioo aliomba ruhusa kwa mwenye nyumba, akabomoa ukuta kidogo, akafunga dirisha pana kuliko mlango.

"Cherehani hapa," alimwonyesha, akichora sakafuni kwa kiatu. "Wewe hapa. Jua likuingie kwa ubavuni, lisikupige machoni. Hapa hutamshonea mtu yeyote kwa kubahatisha."

Fundi alikuwa ameshona miaka yote chini ya taa inayopepesa, nyuma ya duka la mtu. Aliweka kiganja juu ya kile kioo, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ukakosa kazi. Alimwomba jambo moja tu, kwamba magitaa sasa yatosha, na Vioo akaapa.

Arusi ilipokaribia, mchana mmoja, fundi alikwenda kupima mahali pa meza ya kukatia. Alifungua mlango wa chumba kidogo akadhani amekosea nyumba. Giza. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi zito lililopigiliwa misumari, na kwenye kila ukuta yalining'inia magitaa ndani ya makava yake, bega kwa bega, kama nguo za maiti zinazosubiri kugawanywa.

Vioo alitokea nyuma yake, taulo begani. "Nilitaka nikuambie."

"Blanketi la nini?"

"Jua linapasua mbao. Linapinda shingo. Gitaa likipinda shingo, basi tena."

"Na mimi nikipinda shingo?"

"Ni kwa muda tu, laazizi."

Fundi alishaingia ndani. Alikuwa akipita mbele ya makava, anayagusa moja moja gizani, na mikono yake ilikuwa inayasoma. Lile la turubai, lake. Lile la pembe, lake, aliumia kidole kwa zipu ile. Kisha vidole vikasimama. Kava hili lilikuwa na mshono mrefu wa uvivu, pindo limeachwa wazi linachanika, zipu imekaa upande kama mdomo wa mlevi.

"Hili nani kashona?"

Vioo alilishusha taulo begani.

"Nakuuliza, hili nani kashona?"

"Uliniambia hutaki kuona gitaa jingine," Vioo alisema polepole. "Nisingeweza kukuletea ulipime."

"Kwa hiyo ukaenda kwa fundi mwingine."

"Ni kava tu, Mkasi."

"Ni mwanamke?"

"Ni mzee ana ndevu mpaka hapa."

"Bora angekuwa mwanamke," fundi alisema. "Ningejua ninapigana na nini. Wewe umemtafuta mtu, umekaa kwenye benchi lake, umemwambia lifiche hili mke wangu asilione, akakushonea uchafu huu, ukamshukuru. Mimi nilidhani unanunua magitaa ili unione."

"Mwanzoni ndiyo."

Neno lile lilimchoma kuliko yote. "Na sasa?"

Vioo alikaa juu ya spika. "Sasa sijui. Naliona gitaa nasema hili ndilo, hili litatoa ile sauti ninayoisikia kichwani. Nikilifikisha nyumbani, siyo."

"Nipigie wimbo. Mmoja. Mpaka mwisho."

Alichukua lililo karibu. Alipiga vizuri, kwa muda, kisha akasita. "Nyuzi za hili zimechoka." Akachukua jingine, akaanza upya, akafika palepale. "Hili mlio wake mzito, ngoja nishushe lile..."

"Umeona?" fundi alisema. "Una ukuta mzima wa mianzo. Mwisho huna hata mmoja. Na haya nayo ndiyo yaliyonichukulia dirisha langu."

Aliweka ufunguo wa nyumba juu ya spika. Alikuwa ameshafika mlangoni Vioo aliposema, kwa hasira ya mtu aliyekamatwa, "Na kile kitambaa chako cha zambarau kule rafuni dukani? Nacho kinasubiri nini?"

Mlango ulimjibu.

Simu iliita siku zilizofuata mpaka shangazi akatishia kuitumbukiza kwenye ndoo.

"Unasemaje?" fundi alipokea mwishowe.

"Nasema nimekosa."

"Kamwambie mzee mwenye ndevu."

"Mkasi, nisikilize."

"Mkasi wa nani? Tafuta wako."

Akakata, akainama kwenye cherehani, akashona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto. Shangazi alimtazama kwa juu ya miwani.

"Fumua," alisema. "Na ukimaliza, nisaidie kushusha lile jora la zambarau. Nimechoka kulipangusa vumbi."

"Usianze, shangazi."

"Sijaanza mimi. Ulilinunua kwa mshahara wako wa kwanza, ukasema ni gauni lako la arusi, ije isije. Mji mzima unawakatia nguo bila kupepesa. Hilo kila ukilitandika unalikunja tena."

"Nikikosea, hakuna jingine kama hilo."

"Aa," shangazi alisema, akarudi kwenye pindo lake. "Nilidhani ni yule kijana ndiye mwoga."

Fundi alichukua wembe, akaanza kuufumua ule mkono.

Vioo aliingia dukani mchana kweupe, wateja wamejaa, mmoja amesimama juu ya kigoda anapigwa pini za suruali. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vibaya. Mgongoni alibeba besi la mnadani ndani ya kava la turubai, na mkononi spika ndogo.

"Tunashona hapa, hatutoi sadaka," fundi alisema bila kuinua kichwa.

"Blanketi nimelitoa."

Cherehani ilipunguza mwendo.

"Magitaa nimewapelekea vijana wa bendi wanaofanya mazoezi karibu na kazini kwetu. Wameyalowesha jasho tayari. Yamebaki mawili."

"Mawili?"

"Usiniue. Hili, na lile la kwanza baada ya hili." Alishusha mzigo. "Na sikudanganyi, hamu haijaisha. Jana nimepita lile duka la vyombo vya muziki, nimesimama nje, pua kwenye kioo. Kioo chenyewe nilikifunga mimi. Nimeona besi jekundu. Nimeondoka, lakini miguu ilikuwa inanilaani."

"Kwa nini unaniambia hivyo?"

"Ili siku nyingine nikishindwa, nije kwako nalo mkononi. Nisiende kwa mzee."

Mwenye suruali alikohoa. "Dada, hapo ungemsamehe tu, pini zinanichoma."

"Wewe nyamaza, bado huna suruali," fundi alimwambia. Kisha akamgeukia Vioo. "Piga. Mpaka mwisho."

Vioo alikaa kwenye benchi la wateja. Sauti nzito ikaingia kwenye mbao za meza, vifungo vikacheza ndani ya mikebe. Alifika palepale pa siku zote. Mkono ukaacha nyuzi, ukapanda kwenda kukaza kile kisichohitaji kukazwa.

"Acha hiyo. Endelea."

"Naogopa kuharibu."

"Haribu."

Vioo alimtazama, kisha akatazama lile jora la zambarau juu kwenye rafu. Fundi aliona anachokitazama, akamchukia. Akasimama juu ya kiti, akalivuta jora la zambarau, akalitandika mezani kwa kishindo. Akachora kwa chaki. Akashika mkasi, na mkasi ukagoma hewani.

"Ukisimama wewe, nasimama mimi," alisema.

"Ukisimama wewe, nanunua lile jekundu."

Mkasi ukaingia. Kitambaa kilitoa ule mlio wa kupasuka polepole, na besi likaendelea chini yake, likakosea, likajikwaa, likaendelea. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wimbo uliisha kabla kidogo ya kitambaa, na katika ule ukimya duka zima lilisikia mkasi ukimalizia peke yake.

"Ulikosea pale katikati," fundi alisema. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Na wewe umekata upande."

"Sijakata upande."

"Sawa, mpenzi."

"Lile kava la mzee, ulilete hapa kesho."

"Unataka kulichoma?"

"Nataka kulifumua. Zipu ile imeninyima usingizi. Watoto wa bendi watatembeaje nalo vile?"

Shangazi alikuwa ameshainuka. Aling'oa ukutani waya wa cherehani ya fundi, akausokota, akaweka mikono kiunoni.

"Mmekaa mnatazamana tu? Dirisha halitakuja hapa. Wewe Vioo, shika cherehani upande huo."