Gari Lililosafishwa Mno

Nyumbani kwetu tunafua. Binti yangu na mume wake wanafua shuka, taulo na foronya za nyumba za wageni. Asubuhi ua wote unakuwa mweupe kwa shuka zilizoanikwa. Kazi yangu mimi ni kukunja. Miguu imechoka kusimama, lakini mikono haijagoma.

Mkwe wangu watu wanamwita Povu. Wateja wanadhani ni kwa sababu ya sabuni. Sisi tunaoishi naye tunajua ni kwa sababu ya mdomo wake. Akikasirika hana breki.

Nyumba moja kubwa ya wageni ilitupa kazi. Sharti lao lilikuwa moja: shuka zifike kabla ya saa sita mchana, kila siku. Zikichelewa, kazi wanapewa wengine. Mkokoteni wetu haukutosha. Basi binti yangu na Povu wakaamua kununua gari dogo la mizigo, lililokwisha kutumika. Ili wapate fedha, wakauza mashine moja ya kufulia kati ya mbili tulizokuwa nazo.

Gari walilipata kwa mtu binafsi. Hakuwa mfanyabiashara wa magari, alikuwa anauza gari lake mwenyewe. Binti yangu alimpa jina la Mtanashati, maana kola yake ilipigwa pasi mpaka ingeweza kukata mkate. Tulikwenda wote watatu kuliona. Mtanashati akafungua boneti. Mimi injini siijui, lakini ile ilikuwa safi kama sahani ya wageni. Povu akapitisha kidole, kidole kikarudi bila doa. Tukatazamana. Sisi ni wafuaji. Kwetu sisi, mtu mwenye vitu safi tunamwamini kabla hajasalimia. Hatukumwita fundi. Povu alisema fundi wa nini, mtu anayetunza gari namna hii hawezi kuwa mwongo. Wakalipa, wakasaini karatasi, tukarudi na gari letu tukipiga honi.

Wiki haijaisha, gari likazima barabarani, shuka zote zikiwa ndani. Binti yangu anasema lilikohoa, likatoa moshi mweupe, likanyamaza. Alihamishia mafurushi kwenye pikipiki mbili, akafika dakika za mwisho, jasho linamtiririka. Msimamizi wa nyumba ya wageni akamwambia siku atakayochelewa asijisumbue kurudi.

Gari likavutwa kwa kamba mpaka uani. Fundi wa jirani akaja, akachungulia kwa tochi, akainuka. Nilimuuliza ameona nini. Akasema injini hii iliwahi kufunguliwa. Ina ufa. Mtu ameupaka ufa ule gundi ili ushike kwa siku chache, kisha akaosha injini nzima ili msione inapovuja.

Kumbe usafi ule tulioupenda ndio uliotumaliza. Binti yangu aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Aliitazama tu ile boneti kama anayetazama msiba.

Povu akapiga simu. Alifoka mpaka majirani wakachungulia juu ya ukuta. Mtanashati hakugombana naye. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu taratibu, "Ndugu yangu, ulilitazama, ukalipenda, ukasaini kwamba umelichukua kama lilivyo. Gari ni lako." Akakata.

Povu akataka mambo mawili kwa pamoja. Fundi aanze kulitengeneza kwa mkopo, na yeye aende akavunje madirisha ya Mtanashati. Fundi alikwisha kutoa spana. Hapo ndipo alipoingia mteja wetu mmoja aliyefuata mapazia yake. Ni mama anayefanya kazi kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Sisi tunamwita Dada wa Mapazia. Alipoambiwa yaliyotokea, alimwomba fundi arudishe spana kwenye mfuko.

"Mkilitengeneza sasa, ushahidi mtakuwa mmeumwaga kwa mikono yenu," alisema. Kisha akamgeukia Povu. "Na wewe shemeji, ukivunja dirisha, atakayeshtakiwa ni wewe. Na gari bovu utabaki nalo."

Tukampa kiti. Alichosema baada ya hapo kilitushtua zaidi. Alisema tungenunua kwa mfanyabiashara wa magari, sheria ingemdai atuuzie gari linalofaa kwa kazi. Lakini mtu wa kawaida anayeuza kitu chake, katika nchi nyingi, habanwi hivyo. Mnunuzi ndiye anayetakiwa kukagua. Gari kuharibika, peke yake, si kosa la muuzaji.

"Kwa hiyo tumeliwa na sheria inatazama?" binti yangu akauliza.

"Sijamaliza, mdogo wangu. Sheria haimlazimishi akwambie kila kitu. Lakini haimruhusu kudanganya. Na kufichaficha ufa kwa gundi ni kudanganya pia, hata kama hakufungua mdomo."

Akatuuliza Mtanashati alisema nini kabla hatujalipa. Povu akajibu kwamba alisema gari ni zuri mno, analipenda kama mtoto wake. Dada wa Mapazia akacheka. Alisema kusifia si kosa, kila muuzaji anasifia. Yeye anataka neno linaloweza kupimwa, likaonekana ni kweli au ni uongo.

Binti yangu akatoa simu taratibu. Kabla ya kununua, alimuuliza Mtanashati kwa ujumbe kama injini imewahi kufunguliwa. Alijibiwa kwa ujumbe wa sauti. Akaufungua, nasi tukasikia: "Injini hii haijawahi kufunguliwa hata siku moja. Muulize fundi yeyote."

Nikamwomba aurudie.

"Fundi yeyote ndiye mimi," alisema fundi, akifuta mikono.

Nikauliza juu ya ile karatasi ya kama lilivyo. Dada wa Mapazia akasema karatasi kama ile mara nyingi haimkingi aliyedanganya. Ila sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo mtu aulize ofisi ya sheria iliyo karibu naye, na aulize mapema.

Kuanzia siku ile gari halikuwashwa tena. Tulipiga picha ule ufa na gundi yake. Fundi akaandika alichokiona, akatia saini. Ile sauti tukaihifadhi kwenye simu mbili. Kisha ikabidi kumwandikia Mtanashati: ulisema hivi, tumekuta hivi, tunaomba uchukue gari na urudishe fedha, utujibu kabla ya tarehe fulani. Barua ya kwanza ya Povu ilikuwa na matusi mengi kuliko maneno. Binti yangu akaichana. Ya pili ilikuwa na tusi moja tu, nayo ikachanwa. Ya tatu ilikwenda.

Tarehe ikapita kimya. Wakati huo shuka zilikwenda kwa pikipiki za kukodi, na faida yote iliishia huko. Binti yangu alianza kukonda. Ndipo ofisi ya msaada wa kisheria ikamwita Mtanashati tukae mezani. Dada wa Mapazia alikuwa ametuambia kwamba akikataa, tutakwenda kwenye mahakama ya madai madogo.

Alikuja, kola yake ile ile. Akasema hakuwahi kuzungumza nasi habari za injini. Dada wa Mapazia hakubishana naye. Aliweka simu mezani, akabonyeza.

Mtanashati alipoisikia sauti yake, alivua miwani akaishika mkononi. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba hata yeye alidanganywa na aliyemuuzia. Aliligundua tatizo akiwa amekwisha kulipa.

Sikulitarajia neno hilo. Povu naye alikuwa amefungua mdomo, akaufunga. Binti yangu ndiye aliyejibu.

"Ulipogundua, ungemtafuta yeye. Wewe ulitutafuta sisi."

Ikaandikwa kwamba gari analichukua na fedha anarudisha kwa awamu mbili. Akasaini. Zote mbili alilipa.

Safari ya pili tulikwenda kununua tukiwa na fundi. Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye duka la vyombo. Tulimwomba asiliwashe gari kabla hatujafika, ili fundi aikute injini ikiwa baridi na aone inavyowaka. Povu akauliza kama injini imewahi kufunguliwa.

"Imefunguliwa, mara moja," yule mama akajibu. "Aliyeifungua yuko mtaa wa pili. Twendeni mkamuulize alikuta nini."

Tukaenda, tukaelezwa mpaka tulichosahau kuuliza. Binti yangu akamwomba yule mama aliandike neno hilo kwenye karatasi ya mauziano, naye akaliandika bila kusita. Hilo ndilo gari linalopeleka shuka leo, na linafika kabla ya saa sita.