Pini Kisiginoni

Fundi alikanyaga pedali. Cherehani ikaenda kidogo, ikasita. Akachukua kopo la mafuta, akaitia tena.

"Cherehani hiyo inakunywa mafuta kuliko lori," mumewe alimtania.

"Cheka tu, baba. Mkanda nimebadilisha, na bado nzito. Ikinifia, tutakula nini?"

Alikuwa hoi. Siku hizi aliamka amechoka, akalala amechoka. Miguu ilikufa ganzi. Akasema ni uzee. Vidonge vya kisukari alikuwa akimeza miaka mingi bila kukosa.

Jioni jirani yao, muuguzi, alikuja kuchukua sare yake. Fundi akainuka kuifuata, pekupeku.

"Shoga, simama hapo hapo! Una pini kisiginoni."

Fundi akainua mguu. Pini ilikuwa imezama hadi kichwani. Damu imeshakauka.

"Mbona sikusikia?"

"Hilo ndilo linalonitisha," muuguzi alisema, akiichomoa na kuosha kidonda. "Cherehani yako ni nzima. Miguu yako ndiyo haiisikii pedali."

"Basi vidonge hivi ndivyo vinaniua. Naviacha leo!"

"Thubutu! Ukiviacha, sukari itapanda, na miguu utaipoteza kweli. Dawa yako, metformin, ni nzuri. Lakini ukiitumia muda mrefu, inaweza kuuzuia mwili kufyonza vitamini B12. Imeonekana kwa panya wa maabara, na kwa watu pia. Vitamini hiyo hulinda mishipa ya fahamu na kusaidia kutengeneza damu. Ikipungua, unachoka, unakufa ganzi."

"Kwa hiyo siyo sukari?"

"Sukari nayo huleta ganzi. Usikisie. Pima damu."

"Nami nyama, mayai na maziwa niliacha zamani. Nala mboga tu."

"Basi! B12 iko huko ulikokimbia. Kwenye mboga haimo."

Asubuhi mumewe alimsindikiza kliniki. Damu ikapimwa: B12 ilikuwa chini sana. Daktari akaagiza sindano za vitamini. Vidonge vya kisukari hakumwachisha. Akamwambia arudi kupima, akague nyayo kila jioni, na asikae tena pekupeku.

Nafuu ilikuja kwa kujivuta. Wiki zilipita, yeye akishona na kupumzika, akishona na kupumzika. Mayai yalirudi mezani.

Siku moja mumewe alisikia ukelele. Akaja mbio.

"Kuna nini?"

Fundi alikuwa amekaa, kiatu kimoja mkononi, machozi yanamtoka, anacheka.

"Pini, baba! Ilikuwa ndani ya kiatu. Imenichoma, nami nimeisikia!"

Kopo la mafuta lilikuwa dirishani, limejaa vumbi.